Kati ya Fremu Mbili

Mpira unapita mikononi mwa kipa.
Si chini ya kwapa, si katikati ya miguu: mikononi,
kana kwamba vidole ni moshi wa jiko la chipsi.
Nimemchora Shomvi, binamu yangu, kipa wa ndondo,
na glavu zake za mtumba, na kovu la goti la kushoto,
hata anavyotema mate kabla ya penalti.
Shomvi wa kweli hudaka.
Wa kwangu anaruka vizuri, anatua, anakumbatia hewa.

Tandika, saa nane usiku.
Luku imebaki uniti mbili nukta saba.
Kuunda gemu upya ni dakika arobaini;
nimezima feni,
jasho linadondokea herufi N, ambayo tayari inakwama.

Tulianza tisa.
Tukasema: gemu la chandimu, la bure,
lichezeke kwenye simu yenye kioo kilichopasuka,
msimbo wake wazi kama mlango wa nyumba ya msiba,
aingie anayetaka, akae, ashike kazi itakayomkuta.
Ngwilizi akachora uwanja pamoja na madimbwi yake,
akapata ajira benki.
Tumsifu akarekodi kelele za mashabiki,
Jumapili mbili, simu kaivalisha soksi upepo usiingie,
akaoa.
Hatukugombana. Hakuna aliyeaga.
Jana jina lina taa ya kijani, leo la kijivu.

Mama aliuliza nitalipwa shilingi ngapi.
Nikasema, hailipi, mama, ni huria.
Ni kama mtungi wa maji unaowekwa nje ya nyumba,
mpita njia anakunywa, anakwenda zake.
Akapepeta mchele kidogo.
"Na mtungi anaujaza nani?"

Majina ya timu kubwa yana wenyewe, na wenyewe wana mawakili.
Kwa hiyo wanacheza Mafundi Cherehani na Wauza Mkaa,
fainali ni Shimo la Mchanga dhidi ya Bomba Limepasuka.
Wananiandikia: mbona timu yangu haimo?
Wananiandikia: gemu bovu, kipa wenu kapewa rushwa.
Mmoja aliandika neno moja tu, siwezi kulirudia hapa.

Kariakoo nililikuta linauzwa.
Kwenye kadi, elfu mbili, stika ya Mzungu asiyemo ndani.
"Hili nimelitengeneza mimi," muuzaji akaniambia,
akinitazama usoni bila kupepesa.
Leseni inamruhusu kuuza. Niliiandika mwenyewe,
kwa fahari, usiku kama huu.
Nikanunua moja. Alinipunguzia mia tano.

Na ni kadi kama hiyo iliyofika Yombo,
kwa Chilumba, kidato cha tatu,
aliyeniletea mistari sita na barua isiyo na salamu:

*Kipa hana kosa. Kompyuta ndiyo inayofumba macho.
Shuti likiwa kali, fremu hii mpira uko mbele ya glavu,
fremu ijayo uko nyuma. Hapo katikati hakuna aliyeuona.
Nimevuta mstari kutoka ulipokuwa hadi ulipo.
Mstari ukikata mkono, basi kadaka.*

Nilisoma mara tatu.
Nikamkumbuka Ngwilizi na tai yake.
Nikawakumbuka wote wanane, walipokuwa, walipo,
na mimi katikati, nimefumba macho, nawahesabia magoli.

Uniti sifuri nukta nne.
Winga wa Wauza Mkaa anaachia kombora.
Shomvi anaruka,
anadaka.

Anasimama. Anaukumbatia mpira kifuani.
Nabonyeza kupiga: hapigi. Kurusha: harushi.
Refa anapuliza, saa ya mchezo inakwenda,
mashabiki wa Tumsifu wanashangilia Jumapili zao mbili,
naye kasimama tu pale golini, kaushika.

Hitilafu ya mia mbili na kumi na mbili, nikaandika:
kipa hataki kuachia.

Asubuhi nilimwonyesha Shomvi mwenyewe.
Alitazama kioo muda mrefu, mswaki mdomoni.
"Hiyo usiirekebishe leo," akasema.
"Mwache kwanza aushike."