Kigae cha Kofia

Umeme ulikuwepo asubuhi, nikashukuru,
nikafungua duka la kadi pale Langoni,
mlango wa tatu ukitoka kwa muuza mahamri,
nikaipuliza vumbi skana yenye ufa.

Obo anaoa Ijumaa ijayo.
Anataka kadi iliyo na Lamu ndani yake,
ila si milango, akasema, milango imechosha,
siku hizi hata mifuko ya unga imechorwa milango.

Nikaikumbuka kofia ya mama,
aliyoianza kabla mtoto wa jicho hajamtia ukungu:
robo tatu imeshonwa, robo imebaki wino wa kalamu,
imekunjwa ndani ya mkebe wa biskuti
pamoja na sindano tano na risiti ya uzi.

Nikailaza juu ya kioo. Mwanga ukapita chini yake
kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka.

Sasa, kwa anayetaka kujua, kazi yenyewe ni hii:
unakata mraba. Mmoja tu.
Lakini ukingo wa kushoto uujue ukingo wa kulia,
na wa juu umalizie alichokianza wa chini,
maana mashine haishoni, inapanga tu,
kigae ubavuni mwa kigae, hadi ukurasa uishe.
Mara ya kwanza nilikosea kwa upana wa unywele,
karatasi nzima ikatoka mistari
kama chokaa iliyoliwa na chumvi.
Mara ya tatu nikaupata.
Nikauita mama_moja,
nikautia kwenye folda ya nakshi,
nikazima programu, nikaiwasha upya,
kwani haimtambui mgeni mpaka ilale kwanza.
Nikateremka orodha: matofali, ngozi ya chui,
marumaru ya bandia, majani ya nchi nisiyoijua,
na huko mwisho, kadogo kama ukucha wa mtoto,
nyota ya mama.

Nikabonyeza.
Miezi minne ya mgongo wake
ikajaa ukurasa kabla sijakohoa.

Hapo ndipo nilipoliona.
Tundu moja, kulia kwa nyota, halikutobolewa.
Pengine mtu alibisha hodi.
Pengine ni mimi, nikililia chai.
Kwenye kofia lilikuwa moja, hakuna aliyelijua.
Kwenye skrini yalikuwa mia tatu na kumi na mawili,
yamejipanga mshazari kama sisimizi,
yakielekea kwenye jina la bibi harusi.

Nikalitoboa. Rahisi: nakili tundu jirani, bandika.
Nikajaza upya. Safi.
Safi kama meno ya bandia.
Nikatendua. Nikarudia. Nikatendua.
Ile yenye kosa nikaififisha hadi asilimia thelathini,
na kosa likaendelea kunitazama
bila haya.

Saa sita mama akaniletea mofa na mchuzi wa papa.
Nikamshika kidole, nikakiweka kwenye skrini.
"Hii yako, mama."
Akapapasa. Kioo kilikuwa cha moto, laini.
Akapapasa tena, polepole, kama anayetafuta mshono,
akaacha mafuta ya tui juu ya nyota zote.
"Mbona haina matundu?"
"Yapo, mama. Yaonekana."
"Yaonekana," akasema. "Na upepo utapita wapi?"

Lile moja sikumwambia.

Obo alichukua kadi mia mbili, za ile safi,
akalipa nusu, nusu ataleta baada ya fungate.
Mama_moja sijaifuta. Iko chini ya risiti zangu,
asilimia kumi, hakuna aliyewahi kuiuliza.

Usiku nikishafunga duka naifungua mkebe,
natia uzi, natafuta pale alipoachia.
Hapa hakuna pa kubonyeza.
Wiki nzima nimetoboa matundu mawili.
La pili limepinda.