Soksi Iliyoshuka

Tiketi niliinunua Februari, theluji ikiwa bado mlangoni,
viti vya juu kabisa, karibu na nguzo,
kwa bei ya viatu ambavyo sikununua.
Delrose, mwenzangu wa chumba cha kufulia, akacheka:
"Wewe na michezo yako! Hata vishale utaviangalia."
Nitaviangalia. Mimi huwatazama hata wale wazee wa mipira mizito
wanaoinama kwenye majani kana kwamba wameangusha sindano.

Nina daftari. Kurasa zake zina madoa ya sabuni ya hospitali.
Humo hamna dhahabu hata moja;
dhahabu zina watu wake wa kuziandika.
Mimi naandika wa saba, wa kumi na moja,
mnyanyua vyuma aliyeangusha mara tatu,
akawapungia watu mkono, akaondoka,
mwogeleaji wa kisiwa fulani
aliyegusa ukuta wenzake wameshajifuta.

Siku zile Birmingham ilinikumbuka.
Dereva wa basi namba kumi na moja,
miaka sita hajawahi kuitikia salamu yangu,
akaniuliza, "Leo unaenda kuona nini?"
Furaha ikanikaba. Nikasema, "Vyote."

Jioni, Perry Barr, manyunyu.
Mita elfu kumi, wanawake.
Mizunguko ishirini na mitano, mimi na chupa yangu ya chai,
na binti yangu Nasra, miaka tisa, mzaliwa wa hapa,
kajichora msalaba mwekundu shavuni.
Sikumkataza. Shavu ni lake.
Yangu ilikuwa skafu, kijani na bluu, ndani ya koti.

Wetu alianza vizuri. Wote huanza vizuri.
Mzunguko wa tisa akashika ubavu.
Wa kumi na mbili wakampita walio mbele,
kama maji yanavyolipita jiwe,
bila ubaya, bila kumwona.
Jamaa wa kiti cha mbele akasema, "Maskini, si angejitoa tu."
Nilitaka kumwambia, bwana,
humu mjini kuna watu
wanaokunja shuka mia nne kwa usiku
na hakuna anayesimama kuishangilia ile ya mia nne.
Lakini Kiingereza changu hufika
neno likiwa limeshaondoka. Nikanyamaza.

Kengele ikalia, ya wale wa mbele.
Uwanja mzima ukainuka.
Mmoja akashinda, akafunikwa bendera,
na watu wakaanza kushuka ngazi
kuwahi foleni ya chipsi.

Na yeye bado.
Mizunguko miwili, peke yake,
kifua mbele, soksi moja imeshuka.

Alipokata mstari, umebaki mmoja,
mwenye kengele alikuwa anapiga soga.
Ndipo nikatoa funguo za kazini,
zote kumi na mbili, na kitambulisho chake,
nikazigonga kwenye chupa ya chai,
nga! nga! nga!
Nasra akaficha uso. "Baba!"
Kisha, sijui kilimwingia nini,
akapanda juu ya kiti
akapaza Kiswahili chake cha kuhesabika:
"Kaza buti, dada! Kaza buti!"
maneno ninayomwambia mimi
akikwama kwenye hesabu za kugawanya.

Ningependa kusema aligeuka.
Hakugeuka. Alikuwa na kazi.

Nikaandika: *Wa kumi na nane. Amemaliza.*
Ndani ya basi Nasra akaniomba kalamu,
akachora pembeni soksi, moja tu,
imejikunja juu ya kiatu.

Chupa ina kibonyeo mpaka leo
na chai hupoa kabla ya saa nane za usiku.
Delrose aliponiuliza nani alishinda
nilisimama na ncha mbili za shuka mkononi,
yeye ameshika mbili,
nikafikiri, nikafikiri.
Nikamwambia ngoja,
nitamuuliza mtu.