Bi Kufuli Alipa Kiingilio

Shilingi mia mbili, aliniambia kijana wa mlangoni,
wazee ni nusu bei, mama, lete kitambulisho.
Nikalipa nzima. Sitaki kupunguziwa
ndani ya nyumba ya huyu mtu.

Ngara, ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo.
Mjukuu wangu Salha kanishika kiwiko
kana kwamba mimi ndiyo bidhaa ya chini.
Kuta zote vibonzo: wabunge wenye matumbo ya ngoma,
mbwa anayesoma gazeti,
polisi ambaye mkono wake ni mrefu kuliko yeye.
Watu wanacheka kwa adabu, kama wako hospitalini.

Chumba cha tatu, mkono wa kushoto,
nikajiona.

Pua kama buli. Kanga kiunoni, fundo la vita.
Shingoni kufuli badala ya kidani, kubwa kama tikiti,
na mdomo umetoa puto jeupe hadi juu ya paa:
KODI! KODI! KODI!
Chini wameandika kwa herufi ndogo za kistaarabu:
"Bi Kufuli, mwenye nyumba. Wino juu ya karatasi. Mchoraji: Lubanga."
Hawakuandika kwamba alikaa kwangu Majengo miaka minne.
Hawakuandika kwamba aliondoka usiku wa tarehe tatu
na godoro, na ndoo yangu,
na kodi ya miezi mitatu.

Kila Jumamosi gazeti lilitoka nami ndani.
Muuza maziwa alicheka kabla hajanipimia.
Kwenye maziko ya dada yangu Mwanatumu, wallahi,
mtu alimnong'oneza mwenziwe, "Ndiye huyo,"
nikasikia kicheko kikimezwa pamoja na dua.
Watoto walibandika ukurasa mlangoni kwangu.
Niliubandua. Sikuuchana. Mpaka leo sijui kwa nini.

"Bibi, hii pua si yako," Salha ananibembeleza.
Pua ni yangu, mwongo ni wewe.
Aliiona vizuri yule, kwa mwanga wa koroboi
niliyomwazima mimi, mafuta nikitia mimi,
kwa sababu alisema mkono wake hutulia usiku.

Nikasogea. Kijana akasema, mama, usiguse.
Sigusi. Nahesabu.
Nyuma ya kufuli langu, nyuma ya kelele zangu,
kachora nyumba.
Vyumba sita, vitatu huku, vitatu huku, ukumbi katikati.
Paa la madebe yaliyobanjuliwa, na debe moja lina chapa ya pundamilia
miguu juu, kama alivyolipigilia marehemu mume wangu
akakataa kukiri kosa mpaka anakufa.
Ufa wa ukutani, ule uliogawanyika mara mbili.
Kigoda changu. Mkeka wenye doa la wino wake.
Na dirishani, kadogo kuliko punje ya mchele,
kichwa cha Rukia, mama yake Salha,
anachungulia, meno ya mbele hana.

Nyumba ile waliibomoa asubuhi moja,
chai yangu ilikuwa haijapoa.
Sasa pana gorofa lenye vigae vya rangi ya figo.
Picha sikuwahi kupiga. Nani alipiga picha ya ukuta wa udongo?
Rukia naye alipigwa moja tu, ya kitambulisho,
amekunja uso, jua kali.

Salha kasogeza uso mpaka kioo kikafanya ukungu.
Anaufuta kwa ncha ya mtandio, unarudi, anafuta.
Kijana anauliza kama nataka kiti.
Sitaki kiti. Taa yenu hii hafifu, namwambia,
hata koroboi ilimshinda.

Lubanga, hasimu wangu,
mwezi wa kwanza nakufutia, kwa ajili ya nyumba.
Wa pili nakufutia, kwa ajili ya mtoto dirishani.
Wa tatu unao.
Na ndoo.