Kona ya Tano

Walisema: Somoe, unavuka bahari kufuata sindano?
Sindano si zipo hapa hapa Newala, kwa nesi Fadina,
elfu mbili ukienda na bomba lako?

Nikawaambia zipo, na nimechomwa,
nimechomwa hadi kalio likawa chujio la tui,
lakini hizo hazina macho.
Ninayoifuata ina macho.

Maumivu yangu yanajua njia.
Yanaamka kiunoni kabla ya adhana,
yanashuka pajani, yanapita nyuma ya goti,
yanaingia kidole gumba cha mguu wa kushoto
na kukaa humo kama mpangaji asiyelipa kodi.
Miaka sita sijalalia ubavu huo.

Tabia, mwanangu wa pili, ndiye aliyepiga hesabu
nyuma ya karatasi ya mnada:
korosho za misimu miwili, daraja la kwanza,
toa salfa, toa makato ya chama, toa deni la bati,
jumlisha mbuzi,
jumlisha cherehani.
Habari ya cherehani sikuijua mpaka niliporudi.
Pale ukumbini palikuwa na alama nne za miguu ya chuma
juu ya saruji.

Chenai kuna joto la Lindi lililonyimwa upepo.
Nilimbebea daktari kilo mbili za korosho,
akacheka, akatafuna moja pale pale,
akasema kwa kinywa cha mkalimani: lala kifudifudi.
Mkalimani kijana wa Masasi, anasomea ufamasia,
kila neno la moto analipuliza kwanza ndipo anipe.

Wao wakavaa aproni za risasi, nzito,
nami nikaionea huruma migongo yao.

Tao la chuma likanizunguka
kama mgeni anayetafuta mlango wa nyumba asiyoijua.
Nikageuza shavu. Kwenye kioo nikajiona.
Si uso. Uti.
Pingili juu ya pingili, kijivu, ukungu pembeni,
na mimi niliyeishia darasa la nne
nikasoma.

Ile ni njia ya bondeni.
Nimeishuka na ndoo tupu tangu nina miaka tisa,
nimeipanda imejaa, ngata utosini.
Kona ya kwanza mnacheka bado.
Ya pili, jiwe la kupumzikia.
Ya tatu hakuna anayezungumza.
Ya nne unahesabu pumzi.
Ya tano

sindano ikasimama hapo.

Nyembamba, nyeusi, kama mwiba wa mchongoma.
"Mama, usitikisike," akasema kijana.
Wakatia rangi kwanza, waone itakwenda wapi.
Ikatanuka polepole,
ikashika ukingo wa mshipa,
ikachuruzika kushoto.

Vile vile.
Vile vile yalivyochuruzika maji mwaka ule
nilipoteleza na mimba ya miezi saba,
ndoo ikatangulia, nami nikafuata,
nikainuka, nikarudi bondeni kujaza tena
maana mama mkwe alikuwa anayangoja.
Hakuna aliyeuliza. Sikusema.
Tabia akazaliwa mzima.
Mgongo ndio ulioandika.

"Anauliza, ni hapo?"
Mwambie ndipo.

Dakika kumi na mbili. Plasta ndogo kuliko kucha.
Daktari hakuniahidi kitu: miezi mitatu, alisema,
pengine mwaka, pengine wiki mbili;
dawa inautuliza mshipa, haiufanyi mpya.
Nilimpenda kwa hilo.

Nimerudi. Bomba la mtaani linatoka Jumanne, likipenda.
Siku nyingine mjukuu anafunga madumu kwenye baiskeli
nami nakaa barazani na mikono mitupu,
sijui niiweke wapi.

Jana usiku nimegeukia kushoto.
Nalinga, aliyezoea kisogo changu miaka sita,
akafumbua jicho, akakuta uso.
"Kuna nini?"
Hamna, nikamwambia. Lala.
Kesho unipeleke kwa aliyeinunua ile cherehani.