Nane ya Karatasi

Tiketi iliandikwa nane, nukta mbili, sifuri sifuri.
Mama Bukuru akaja saa nane,
jua la Katubuka limesimama wima juu ya bati,
ndege imeshaondoka tangu saa mbili asubuhi.

Sikujua nianzie wapi.
Mimi kazi yangu ni mizani.
Sikuajiriwa kumweleza mtu
kwamba kati ya nane ya karatasi na nane ya mdomo
kuna saa sita,
na hizo hakuna rubani anayeziruka.

Akakaa kwenye benchi. Akavua viatu: vipya, vilimbana.
"Basi niambie, mwanangu, huko ni mbali kiasi gani?"
Nikamtajia kama ninavyowatajia wageni wa sokwe:
Dar es Salaam, saa mbili na nusu,
ukikaa dirishani utaliona ziwa likikunjwa kama khanga;
pale utasubiri hadi usiku;
kisha Maskati, saa tano na ushei.
Ukivuta uzi ukakaza, usiache kona hata moja,
kilomita elfu nne na mia nne.

Akahesabu kwa vidole, vikamwishia.
"Bukuru alimtangulia Butoyi kwa dakika kumi na moja.
Mkunga wetu Heru Juu alikuwa na saa ya mkononi,
akaziandika ukutani kwa mkaa.
Tukasema, lo,
huyu wa pili mbona anachelewa hivi!"

Butoyi mwenyewe alikuwa nje, juu ya pikipiki,
anasugua kioo kisicho na vumbi.
Miaka tisa hajauona ule uso wake mwingine
ila kwenye simu,
unaganda mdomo wazi, unarudi, unaganda tena.

Nikaupima mzigo, ili mikono ipate la kufanya.
Kilo ishirini na tatu kamili.
Alishaupima Gungu kwa muuza sukari,
akapunguza dagaa mmoja mmoja mpaka mshale ukatulia.
Mawese nikayakataa.
Akampa Butoyi dumu, hakubisha.

Keshokutwa yake alifika saa kumi za usiku,
mlinzi bado amejifunika koti.
Safari hii hakuamini karatasi wala mdomo.
Viatu alivishika mkononi.

Ndege ikakimbia, ikanyanyuka, ikainama upande wa ziwa,
ikajirekebisha, ikashika mashariki.
Ikawa kidoa. Kisha ikawa mlio tu.
Waliosindikiza wakatawanyika, wakiongelea nauli.
Butoyi akabaki kwenye wavu,
macho hayako juu, yako kwenye saa.

Nilimwona. Alikuwa anahesabu.
Ilipotimia ya kumi na moja
akapiga kiki, akaondoka, dumu limefungwa nyuma kwa mpira.

Mimi nikarudi kwenye mizani.
Ilikuwa inasoma gramu mia mbili
na juu yake hapakuwa na kitu.