Ncha ya Pili

Kamba yangu ina mita sabini na ncha mbili.
Moja najifunga kiunoni.
Ya pili, tangu Kathmandu, hushikwa na wapita njia:
Mkorea mwenye mafua,
kijana wa Hampi aliyesinzia nikiwa hewani.

Hapa Huu Lung hakuna mtu.
Ukuta wa mawe ya chokaa, na mimi na shanta langu chini yake,
nasoma nyufa kama asomaye orodha ya wadaiwa
akitafuta jina lake.

Akapita Bi Khuyen, miaka sitini kasoro,
kandambili za plastiki, vikapu vya mzegazega.
Akaukwea ule ule ukuta kwa ubavuni,
bila chaki, bila dua ya kusikika,
hadi mitopetope yake iliyoota juu majabalini.
Akashuka na mavuno
na jasho dogo juu ya mdomo.

Akaitazama kamba. Akauliza kwa vidole:
huku wewe, na huku nani?
Nikajionyesha mwenyewe.
Alicheka hata akatua vikapu.

Nikamfundisha. Akaketi, akakanyaga jiwe,
akaishika ncha ya pili
kama kamba ya nyati wake mkaidi.

Sikufika juu.
Mita ya kumi na mbili mguu uliteleza,
nikaning'inia, nazunguka polepole,
nikasikia chini mtu akiguna.

Kote nilikopita sikuwahi kuanguka.
Miezi mitano,
na huyu ndiye wa kwanza kuujua uzito wangu.