Pua ya Kuazima

Miaka kumi na minne nimeolewa nyumba hii ya Kaup,
na siku zote saa ya kukaanga viungo mama mkwe alinitoa jikoni.
"Katazame kama kuku wamekula," aliniambia,
ilhali kuku mwenyewe yumo sufuriani, vipande kumi na viwili.

Sikugombana. Nilisimama nyuma ya mlango wa uani
nikajifunza kwa masikio:
uwatu hulia kidogo, kisha hunyamaza ghafla;
giligilani huvingirika kama mvua inayosita juu ya bati;
pilipili haina sauti, ila hunikohoza,
naye hucheka huko ndani: "Nani huyo mdokozi?"

Kisha ikaja ile homa ya mwezi wa Aati.
Ikamlaza siku kumi na moja, ikaondoka,
ikaondoka na harufu zote.
Alinusa karafuu. Alinusa zizi la ng'ombe.
Alitoa sandukuni shati la marehemu Sanjeeva,
akalibana usoni muda mrefu,
akalikunja.
"Sisikii kitu," alisema.

Leo asubuhi aliniita kwa jina langu,
si "wewe", si "binti wa Karkala".
"Chandravati, njoo. Lete pua yako."

Nguo ya kuazima haisitiri matako;
pua ya kuazima je, itakoleza mchuzi?

Akaketi kwenye kigoda, kafumba macho
kama hakimu aliyechoka na kesi.
"Pilipili zinasemaje?"
"Zinanuka gunia."
"Geuza. Sasa?"
"Kama nguo iliyopigwa pasi ya makaa."
"Toa! Ukingoja zaidi zitanuka madeni."

Nikasaga. Jiwe limebonyea katikati,
limeliwa na mikono ya wanawake nisiowajua wote.
Nazi iliyokaangwa kidogo, manjano, saumu, bizari nyembamba,
na zile pilipili za Byadgi zenye makunyanzi,
nyingi wa rangi, haba wa ukali.
Rojo likashuka jekundu kama udongo wa njia ya kwetu.

"Hizo si zetu, unajua," akasema, macho bado kayafumba.
"Zamani hapa ni pilipili manga tu iliyounguza ndimi.
Hizo nyekundu zilishuka na Wareno,
zikapanda bara, zikakunjamana, zikasahau kwao.
Ukwaju nao, wanasema, umetoka Afrika,
na aliyeubeba hakuna amkumbukaye.
Mimi nimetoka Mulki na ndoo ya shaba.
Wewe Karkala.
Humu chunguni mwenyeji ni nazi,
na kuku labda, kama si wa jirani."

Ndiyo mara ya kwanza tulicheka pamoja.
Nilitia tui jepesi, nyama ikaiva taratibu;
kasimile mwisho, moto ukiwa umeshapunguzwa,
maana kasimile ni kama bibi harusi: ukimharakisha hukatika.
Kitunguu kikarukia mafuta ya nazi, kikawa kahawia,
kikamwagwa juu.
"Sema," akaninong'oneza. "Sema vizuri, usinidanganye."
Nikasema: kunanuka mti mkavu ulionyeshewa.
Kunanuka viganja vyako ulipokuwa ukinisuka mwaka ule nilipougua.
Hapo akageuka akatazama ukutani.

Tukala chini. Yeye alivunja roti ya mchele,
ile nyembamba, kavu, inayopasuka kama jani la msimu wa jua,
nikaimwagia mchuzi, tukaingoja ilegee.
Alitafuna. Alitafuna tena.
"Chumvi naipata. Uchachu naupata," akasema.
"Ila uwatu umezidisha punje."

Mkono wangu ukaganda. "Mama, umeusikiaje?"

"Kwa masikio. Ulilia mara mbili."
Akavunja kipande kingine, polepole, kama anayehesabu.
"Mlango ule wa uani, kabla hujazaliwa,
mimi nami niliuegemea miaka tisa.
Ongeza mchuzi."